Mchele Niliouahidi Iringa

Mama alinikabidhi funguo za duka siku ya Jumatatu, na ilipofika Ijumaa nilikuwa nimeshachapisha kadi za biashara. Kadi zilisema mimi ni Mkurugenzi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja na stoo nyuma yake, Ilomba, Mbeya. Ndani kulikuwa na mzani, kopo la kupimia, mchele wa aina tatu, na mama mmoja wa Kisafwa aliyekuwa akipepeta pale tangu mimi niko shule ya msingi. Wafanyakazi wote niliokuwa nawaongoza walikuwa yeye. Nilimpa kadi moja. Akaigeuza, akaona nyuma hakuna kitu, akaitumia kukwangua pumba zilizonasa kwenye ungo.

Sikuchukua duka kwa sababu naupenda mchele. Nililichukua kwa sababu nilikuwa nimechoka kuajiriwa. Kabla ya kuacha kazi nilihudhuria semina ya ujasiriamali kwenye ukumbi wa hoteli, ambako bwana mmoja mwenye suti ya kubana alituambia kwamba biashara ipo ili ikupe maisha unayoyataka, na ukiona unaamka alfajiri kwa ajili yake ujue wewe ni mtumwa wake. Akatugawia karatasi tuandike maisha tunayoyataka. Mimi niliandika: kuamka saa mbili, gari zuri, kusafiri kila wikiendi, kuheshimiwa. Sikuandika neno lolote kuhusu mchele, na yeye hakuuliza nauza nini. Nilitaka kusema hapa kwamba nimeshamsamehe yule bwana, lakini kadiri ninavyoandika naona bado.

Mama aliamka alfajiri kwa miaka thelathini. Anaswali, anajifunga khanga mbili na sweta juu, anakwenda kufungua. Ukoo wetu uliletwa Mbeya na babu yake, aliyetoka pwani na biashara ya chumvi akaona baridi si mbaya kama alivyoambiwa. Baba alipofariki Mama akaanza kuuza mchele, na katika kuuza kwake alikuwa na jambo moja ambalo wenzake sokoni hawakuwa na subira nalo. Alikuwa analaza mpunga.

Nieleze hapo, maana habari yote iko hapo. Msimu ukifika, wauzaji wengi hununua mpunga, wakaukoboa, wakauza mchele wiki ileile. Mama alikuwa anaununua Kyela, anauanika tena, anaufungia stoo ukiwa na maganda yake, halafu hauugusi mpaka mwaka upinduke. Mchele mpya unanata. Ukiupikia maji kidogo unaiva upesi, na ukizidisha unapata uji. Mchele uliotoka kwenye mpunga uliolala unakunywa maji mengi, unajaza sufuria, na kila punje inakaa peke yake. Kwa wali wa nyumbani tofauti si kubwa. Kwa pilau la shughuli, hiyo tofauti ndiyo watu wanayokwenda nayo nyumbani na kuisimulia.

Waliojua hivyo kuliko wote walikuwa wanawake wa Iringa. Mdogo wake Mama, ambaye ni mama yangu mdogo, aliolewa huko, na siku moja aliupika mchele wa dada yake kwenye maulidi. Kuanzia hapo wanawake wenzake, kila mwenye kuoza, mwenye hitima, mwenye mgahawa, walikuwa wanampigia Mama simu. Hawakuuliza bei. Walikuwa wanasema tu, "Dada, nitengee." Mama anatenga. Wengine walifanya naye biashara miaka kumi bila kuonana naye uso kwa uso.

Magoti yalipomshinda, akanipa funguo na maneno machache. "Duka fanya utakavyo, baba. Ila mpunga wa stoo usiuguse kabla ya wakati wake. Na wale wa Iringa usiwaharibie. Wale hawakujui wewe, wananijua mimi."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Wakati huo nilikuwa nafikiria gari.

Gari nililinunua msimu wa kwanza, kwa fedha ambazo Mama angenunulia mpunga wa kulaza. Lilikuwa jeusi, refu, lina viti vya ngozi rangi ya maziwa. Siku nilipolileta dukani, mama wa Kisafwa alilizunguka mara moja akauliza magunia yanaingilia wapi. Nikamwambia hayaingii, ngozi itachafuka. Kwa hiyo kila nilipokwenda kukoboa Mbalizi nilikodi guta la kubebea magunia, nalo likatangulia, mimi nikafuata nyuma na gari langu, taratibu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi la guta. Watu waliotuona barabarani huenda walidhani nalisindikiza. Mwaka huo stoo ilijaa nusu.

Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa naondoka kwenda Iringa. Ukiniuliza kwa nini Iringa, jibu la kweli ni kwamba Mbeya watu walikuwa wananijua. Mbeya nilikuwa yule mtoto aliyekuwa akikaa chini ya meza ya mzani anakula mchele mbichi. Iringa nilikuwa bosi wa mchele kutoka Mbeya. Nilikuwa nalala hoteli ya mlimani yenye kifungua kinywa cha kujihudumia, nakaa kibarazani na sweta zuri, nakunywa kahawa naangalia mji. Jumapili jioni nikirudi Mbeya nilikuwa najisikia nimefanya kazi.

Maisha hayo yanataka mafuta. Gari nalo mwezi wa pili likaharibika gia, na fundi akaniambia kifaa chake kinatoka mbali. Miezi ya mvua ndiyo mchele unapanda bei, na mimi nilikuwa na stoo yenye mpunga uliofungwa tu, haufanyi kitu. Hivyo ndivyo nilivyouona, haufanyi kitu. Nikaukoboa karibu wote. Uliuzwa ndani ya siku nne kwa watu ambao hata hawakujua wamepata nini, wakaupika wali wa mchana. Gari likatengemaa. Niliwabakizia wale wa Iringa kiasi, nikawa nawapimia kwa kuwabania, huyu nusu ya alichoomba, yule robo, na kila aliyelalamika nilimwambia mwaka huu mpunga umekuwa wa shida.

Mwezi wa tano mama mdogo akatangaza harusi ya binti yake wa mwisho. Ikaundwa kamati, na mimi nikaingizwa, kwa sababu kamati ya harusi haiwezi kumwacha mtu mwenye gari kama lile. Tulikutana sebuleni kwake. Katibu alikuwa na daftari, na kila mjumbe alikuwa anasimama kutaja ahadi yake, wengine wanapiga makofi ya pamoja kulingana na uzito wa ahadi. Aliyenitangulia kusimama alikuwa mfanyabiashara wa mbao kutoka Nyololo, mtu mfupi, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akaahidi ng'ombe mzima, akakaa. Makofi yakawa marefu.

Kabla ya kikao bwana huyo alikuwa ameniuliza nje, akiliangalia gari langu, "Hili linabeba tani ngapi?"

"Halibebi mzigo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe. Mna mgonjwa nyumbani?"

Nadhani ni lile swali lililonisimamisha. Nilisimama nikasema mchele wote wa shughuli, magunia mawili, mchele wa zamani wa Kyela, ni wangu, katibu aandike na jina la mtu mwingine asiliweke hapo. Wakapiga makofi kuliko ya ng'ombe. Mama mdogo alipiga kigelegele. Nilikaa nikiwa nimejaa raha mpaka masikioni.

Kesho yake Mama akanipigia. "Nasikia umeahidi mchele."

"Ndiyo, Mama."

"Wa zamani?"

"Wa zamani."

"Upo?"

Nikasema upo. Haukuwa uongo kamili. Gunia moja lilikuwepo.

Harusi ilipangwa mwezi wa saba, wakati ambapo mchele mpya umejaa kila mahali na wa zamani unauzwa na wachache kwa bei wanayoitaka wao. Ningeweza kununua gunia la pili la wa zamani. Niliwahi hata kuuliza bei. Lakini wiki hiyo nilikuwa nimeshalipia kanzu ya kutarizi na chumba cha hoteli kwa siku nne, na ukiutazama kwa macho tu, mchele mpya na wa zamani wa Kyela unafanana sana. Nikatandika turubai stoo, nikamwaga gunia la zamani, nikamwaga gunia la mpya juu yake, nikashika beleshi. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mikono niliyoifanya katika biashara ile, na niliifanya kwa bidii. Nilichanganya mpaka mgongo ukauma.

Mama wa Kisafwa alisimama mlangoni na ungo wake.

"Hii michele haiivi pamoja, bosi," akasema.

Nikamwambia mpishi wa Iringa ni fundi, atajua la kufanya.

"Haya," akasema, akarudi kupepeta.

Asubuhi ya harusi Iringa ilikuwa na baridi ya kuuma mikono. Uani kwa mama mdogo walikuwa wamejenga mafiga ya mawe kwa masufuria manne makubwa, na mpishi wa pilau alikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye koti la mvua na mwiko mrefu kuliko yeye. Huyo alikuwa amepikia shughuli za mji ule tangu mama mdogo mwenyewe alipoolewa. Mimi nilikuwa kwenye turubai la wanaume, na kanzu yangu, na manukato, napokea salamu. Mama alikuwa ndani na wanawake. Nilikuwa nimemleta mwenyewe kwa gari.

Karibu na saa tano nikaitwa uani. Mpishi alikuwa amefunua sufuria la kwanza. Hakunisalimu.

"Bosi, huu mchele una akili mbili," akasema. Akachota kwa mwiko, akanisogezea. "Hizi zimeshalainika, ziangalie. Hizi bado mbichi, ukitafuna zinalia. Niongeze maji au nisiongeze?"

Niliangalia. Ilikuwa kama alivyosema. Punje nyingine zilikuwa zimepasuka na kushikana, na katikati yake punje nyingine zimesimama ngumu. Akifunika ili hizi ziive, zile zinageuka uji. Akipunguza moto zile zisiharibike, watu watatafuna mawe. Masufuria mengine matatu yalikuwa hivyohivyo, na wageni walikuwa wameshaanza kukaa.

Mama mdogo akatoka ndani amevaa dera la shughuli. Akaonja. Akamwangalia mpishi. "Umefanya nini?"

"Mimi nimepika," mpishi akasema. "Muulize mwenye mchele."

Wanawake watano sita walikuwa wametoka nyuma yake, na niliwatambua baadhi yao kwa sauti, maana walikuwa watu wa simu za Mama. Wote wakaniangalia mimi. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema. Hakuna aliyenikatiza wala kunizomea, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Nikasema, "Labda ni maji ya huku Iringa."

Mpishi aliweka mwiko chini. "Maji?" akauliza. "Miaka yote hii napikia maji gani?"

"Au kuni," nikasema. "Kuni mbichi huwa zinasumbua."

Mama mdogo akamgeukia tena mpishi, na niliona kabisa kwamba amenielewa jinsi nilivyotaka anielewe. Mimi ni mtoto wa dada yake, nina kanzu ya kutarizi, nina gari. Yule ni mzee mwenye koti la mvua. Akaanza kumwambia kwamba kama amezeeka angesema mapema watafute mtu mwingine, si kuja kumwaibisha siku ya mwanawe. Mzee alikuwa anafuta mikono kwenye koti, kidole kimoja kimoja. Nilimwona vizuri, nikakaa kimya. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na sababu nyingine ya kukaa kimya zaidi ya woga, na sijaipata.

Ndipo Mama akatoka, anashika ukuta kwa ajili ya magoti. Wakampisha. Alichukua punje moja kwenye mwiko, akaitia mdomoni, akaitafuna kwa meno ya mbele. Akachukua ya pili. Halafu akaniangalia, si kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia saa ya ukutani.

"Mpishi hana kosa," akasema. "Huu mchele niliufunga mimi mwenyewe. Nimechanganya mpya na wa zamani. Macho yangu siku hizi hayaoni, na mtoto alinikataza nisifanye, nikang'ang'ania. Mnisamehe."

Kisha mama mdogo akaja akamshika bega, na wanawake wote wakaja, na wote wakasema pole. Pole, dada. Ndiyo uzee huo. Hata mimi sindano siku hizi siitungi. Mtu aliyeweza kutaja mwaka wa mchele kwa kuutafuna alikuwa amesimama katikati yao anapewa pole, anaitikia, "Asanteni. Asanteni." Akamwomba mpishi radhi, akamwita kaka. Pilau likaliwa na watu wenye adabu. Nyama ya bwana wa Nyololo ilikuwa nzuri sana, kila mtu aliitaja.

Tukarudi Mbeya Jumatatu. Kutoka Iringa mpaka tunapita Nyololo Mama hakusema chochote. Nilikuwa nasubiri anigombeze, na ningempa hata gari zima anigombeze. Baada ya Nyololo akapapasa kiti alichokalia.

"Laini," akasema.

Basi. Mpaka Mbeya.

Mwezi uliofuata simu za Iringa ziliendelea kuja, ila hazikuwa za mchele. Walikuwa wanauliza macho yanaendeleaje. Hakuna aliyesema "nitengee." Walikuwa na heshima, hawakutaka kumpa mzee kazi asiyoiweza. Nikamwambia Mama nitawapigia mmoja mmoja niwaeleze ukweli. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu wajue si wewe."

"Mimi nimeshauza vya kutosha. Wakijua ni wewe, hilo duka utamuuzia nani?"

Nililia pale mbele yake, mtu mzima mwenye kadi za Mkurugenzi. Akaniambia ninawe uso, kuna wateja.

Gari nililiuza mwezi wa tisa. Fedha zote zikaenda Kyela, stoo ikajaa mpaka juu, na sasa hivi naamka alfajiri kama watu wengine. Nasema hivyo bila kujisifu, maana kuna jambo moja ambalo fedha za gari hazikuligusa. Wanawake wa Iringa walikuwa wamechangishana. Mama mdogo akapiga simu kwa furaha kusema wamepata cha kutosha kumtibu dada macho, na fedha ameshaituma.

Mama asingeweza kuikataa bila kueleza, na hakutaka kueleza. Nikampeleka kwa daktari wa macho hapa Mbeya. Daktari akampima, akamsomesha herufi mpaka mstari wa chini kabisa, akasema kwa umri wake haya ni macho ya kushangaza, hahitaji kitu.

"Nipe miwani," Mama akamwambia.

"Mama, huna tatizo."

"Nipe hata ya kioo kitupu, mwanangu. Nimechangiwa."

Akampa. Msimu uliofuata mama mdogo akaja Mbeya kumwona mgonjwa wake. Nilikuwa dukani, Mama amekaa kwenye kigoda na miwani usoni, kwa sababu aliambiwa mapema mgeni anakuja. Mama mdogo alifurahi sana kuiona. Akaikagua, akamsifia ilivyomkaa, halafu akaenda kwenye magunia akachota konzi mbili, moja mchele wa mpunga uliolala, moja wa msimu, akarudi akamnyooshea dada yake viganja viwili, anacheka.

"Haya, dada, nione kama fedha yetu imefanya kazi. Wa zamani upi?"

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na niliujua uso wa Mama. Alikuwa ameshaujua wa zamani kabla mikono haijamfikia. Akaisogeza miwani kwa kidole, akainama, akaangalia kiganja cha kulia, akaangalia cha kushoto, akachukua muda wake. Kisha akaonyesha ule mpya.